Inakimbia Barabarani, Inazima Kwenye Taa: Ugonjwa wa Silensa Kwenye Pikipiki za Zamani

Kuna pikipiki za zamani zinazotoka Dodoma mjini hadi Kibaigwa na mzigo wa maana bila kukohoa hata mara moja, halafu zikirudi mjini zinazima kwenye taa. Dereva akivuta mafuta, injini inaunguruma vizuri tu. Akiachia, inayumba mara mbili tatu, kimya. Bajaji za nyuma zinapiga honi, yeye anapiga kiki. Inakera kwa sababu haiingii akilini: injini inayopandisha kilima na watu wawili inashindwaje kukaa tu bila kazi, yaani kukaa silensa?

Ukiipeleka gereji ya pembeni, mara nyingi jibu linakuja kabla hujashuka. "Silensa iko chini hiyo, mzee. Tunaipandisha kidogo." Bisibisi inazungushwa robo, injini inapanda sauti, unatoa buku mbili, unaondoka. Haizimi tena. Baada ya muda yanaanza mengine: ukiachia mafuta inabaki ikiunguruma kana kwamba hujaachia, giya ya kwanza inaingia kwa kishindo, wese linaisha upesi kuliko ulivyozoea. Fundi hakukudanganya, kweli aliipandisha. Ila alichofanya ni kuihamisha injini kutoka kwenye njia iliyoziba kwenda kwenye njia nyingine, na ile iliyoziba bado imeziba.

Kwa nini iwe hivyo, inabidi tuingie ndani ya kabureta.

Njia ya mafuta si moja

Kabureta inategemea kanuni aliyoiandika Daniel Bernoulli mwaka 1738: hewa ikiongeza kasi, msukumo wake unapungua. Koo la kabureta limebanwa katikati. Hewa inayovutwa na injini ikifika hapo inakwenda kasi, msukumo unashuka, na petroli iliyotulia kwenye bakuli la chini inapanda kupitia tundu dogo la shaba (jeti) na kutawanyika kama ukungu. Mjerumani Wilhelm Maybach alitengeneza kabureta ya kunyunyiza namna hiyo mwaka 1893. Kabureta ya pikipiki yako, hata kama ni ya Kijapani, inafanya kazi ileile.

Kanuni hiyo ina udhaifu mmoja: inahitaji upepo. Ukiachia mafuta, slaidi (kile kipande cha mviringo kinachopanda na kushuka unapozungusha mkono wa mafuta) inashuka hadi karibu na chini kabisa. Hewa inayopita hapo ni kidogo mno, haina ubavu wa kunyanyua petroli kwenye jeti kubwa. Kwa hiyo waliotengeneza wakaweka njia ya pili, nyembamba, kwa ajili ya wakati huo tu. Ina jeti yake, na mdomo wake umetobolewa ng'ambo ya slaidi, upande wa injini, ambako pistoni inavuta kwa nguvu kwa sababu mlango umefungwa. Kinachotoka kwenye kitundu hicho ndicho chakula chote cha injini ikiwa silensa.

Sasa angalia vipimo. Jeti hiyo ndogo kwenye kabureta nyingi za Keihin za pikipiki za 125 ina namba kama 35, 38 au 40, na namba hiyo inasoma sehemu za mia za milimita: 38 ni tundu la milimita 0.38. Jeti kubwa ya kabureta hiyohiyo inakaribia milimita 1. Uchafu unaopita kwenye jeti kubwa bila kugusa ukuta unakwama kwenye ile ndogo. Hapo ndipo penye jibu la kitendawili cha Kibaigwa: ukiwa barabarani na mkono wa mafuta umefunguka, injini inakula kwenye sindano (ile inayoning'inia chini ya slaidi) na jeti kubwa, ambazo ni safi. Ukiachia kwenye taa, inarudi kwenye kitundu ambacho punje moja ya mchanga inatosha kukiziba.

Kwa makadirio, njia ndogo inatawala kuanzia mkono umefungwa hadi karibu robo. Hapo katikati sindano na slaidi vinapokezana kazi, na kuanzia robo tatu kwenda juu ni jeti kubwa. Mipaka hiyo inaingiliana, wala usiichukulie kama mstari wa chaki. Lakini inatosha kukuelekeza: ugonjwa unaoonekana mkono ukiwa umefungwa usiutafute kwenye jeti kubwa.

Na choki ni mpelelezi mzuri. Kwenye kabureta nyingine ni bamba linalobana hewa, kwenye nyingine ni njia ya petroli ya ziada; vyovyote iwavyo, kazi yake ni kuongeza mafuta kwenye mchanganyiko. Kama injini imeshapata moto na bado inakaa silensa pale tu unapovuta choki, umepata ushahidi kwamba ina njaa ya mafuta. Ama jeti ndogo imeziba, ama kuna hewa inaingia mahali isipotakiwa. Ukivuta choki ikazidi kufa, fikiria kinyume chake: mafuta ni mengi.

Skrubu mbili, kazi mbili

Kabureta nyingi za pikipiki za zamani zina skrubu mbili za kurekebisha kwa nje, na nyingi huharibiwa na watu wanaodhani zote zinafanya kazi moja.

Ya kwanza ndiyo skrubu ya silensa. Kwa kawaida ni kubwa kidogo, ina springi, na ncha yake inaegemea slaidi. Ukiikaza, inainua slaidi. Haigusi petroli hata kidogo. Ni kama umeweka kijiti kwenye mlango usifunge kabisa. Hapo ndipo ile robo mzunguko ya fundi inapofanya kazi yake. Slaidi ikiinuka, matundu ya ziada yaliyoko chini ya ukingo wake yanaanza kutoa, sindano nayo inaanza kuchangia, na injini inapata mafuta bila kutegemea kitundu kilichoziba. Imeponea dirishani. Lakini sasa hewa inayopita ni nyingi kuliko inavyotakiwa, mizunguko iko juu, na kwenye foleni ya mchana injini inayopozwa na upepo inachemka bure.

Ya pili ni skrubu ya mchanganyiko, ndogo, aghalabu imezama ndani ya shimo. Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu ziko za aina mbili na zinafanya kazi kinyume. Ikiwa imekaa upande wa injini, mbele ya slaidi, inapima mchanganyiko wa petroli unaotoka: ukiifungua unaongeza mafuta. Ikiwa imekaa upande wa ea klina (chujio la hewa), nyuma ya slaidi, inapima hewa: ukiifungua unapunguza nguvu ya mafuta, ukiikaza unaongeza. Kabureta za Mikuni za Yamaha na Suzuki za mipigo miwili kwa kawaida ni za hewa. Kabla hujaigusa, tazama ilipo. Fundi aliyezoea aina moja akikutana na nyingine atazungusha kuelekea ugonjwa huku akiamini anatibu.

Kabla ya kufungua kabureta

Nina imani moja ambayo mafundi wengine hawaipendi: kabureta ifunguliwe mwisho. Silensa ni wakati ambao injini haina akiba yoyote, kwa hiyo kila udhaifu wa injini unajionyesha hapo, na lawama zote zinaangukia kabureta kwa sababu ndiyo yenye skrubu.

Chukua tapeti, yaani mwanya wa kwenye vali. Honda CG 125 inatakiwa kukaa kwenye mizunguko kama 1,400 kwa dakika. Kwa kasi hiyo pistoni inapanda kubana hewa kwa karibu sehemu 21 za elfu za sekunde. Kwenye mizunguko 7,000 safari hiyohiyo inachukua sehemu 4 tu. Vali isiyofunga sawasawa inavujisha wakati wote, lakini kwa kasi hewa haina muda wa kutoroka. Kwenye silensa muda upo, mara tano zaidi. Ndiyo maana pikipiki yenye tapeti zilizobana inawaka vizuri asubuhi, na injini ikishapata joto na chuma kutanuka, inaanza kuzima ovyo. Ukikutana na tabia hiyo, tafuta fila (bamba jembamba la kupimia mwanya), pima tapeti injini ikiwa baridi kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki yako, kisha ndiyo uzungumzie kabureta.

Moto nao. Pikipiki nyingi za miaka ya sabini na themanini zinazalisha moto kutoka kwenye magneto inayozunguka na injini. Mizunguko ikiwa chini, moto ni dhaifu. Platini (kile kiswichi kinachokata umeme ili cheche itoke) ikiwa imeungua au imejaa mafuta, kondensa ikiwa imechoka, plagi ikiwa na mwanya mpana, utayaona yote hayo kwenye silensa kwanza. Plagi nyingi za Honda za wakati huo, kama NGK D8EA, zinatakiwa mwanya wa milimita 0.6 hadi 0.7. Itoe uitazame: nyeusi yenye masizi makavu, mafuta ni mengi, nyeupe kama chokaa, mafuta ni machache, rangi ya kahawia hafifu, hapo sawa. Pia zile chuma ndogo zinazosogeza moto mbele injini inapokwenda kasi zinaweza kukwama kwa kutu au grisi iliyoganda. Zikikwama zikiwa zimetanuka, silensa haishuki hata ufungue skrubu yote.

Kebo ya mafuta ni ya kupima kwa mkono tu. Mkono wa mafuta uwe na ulegevu wa milimita 2 hadi 6 kabla haujaanza kuvuta. Washa injini, zungusha usukani kushoto hadi mwisho, kisha kulia. Mizunguko ikipanda unapokata kona, kebo imebana au imepitishwa vibaya, na hakuna jeti itakayotibu hilo.

Kuna moja zaidi inayowasumbua wenye pikipiki zilizokaa muda mrefu bila kutumika. Inawaka vizuri, inakaa silensa dakika chache, inakufa. Ukisubiri, inawaka tena. Fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia linavuta pumzi, kitundu cha hewa kwenye kifuniko kimeziba. Petroli haiwezi kushuka kama hewa haiingii kuziba nafasi yake. Mirija midogo ya kupumulia ya kabureta nayo huziba. Nyigu wa udongo wanapenda sana mirija ya namna hiyo kwenye pikipiki iliyoegeshwa bandani.

Hewa ya wizi

Kama ningetakiwa kukisia ugonjwa mmoja kwa pikipiki ya zamani ya Dodoma bila kuiona, ningesema inavuta hewa. Jua na ukavu wa hapa vinamaliza mpira. Kile kipande cha mpira kinachounganisha kabureta na injini kinaonekana kizima ukikitazama, lakini ukikikunja kidogo unaona nyufa za vumbi zikifunguka. Hewa inayoingia hapo haijapita kwenye kabureta, haijachukua petroli. Mchanganyiko unakuwa mwepesi, na dalili yake ni hii: unapiga resi, unaachia, injini inabaki juu kwa sekunde kadhaa ndipo ishuke, au inapanda na kushuka yenyewe kama inayotafuta kitu.

Kupima ni rahisi. Chukua ile chupa ya kunyunyizia maji ya saluni, washa injini ikiwa bado ya uvuguvugu, nyunyiza maji kidogo kidogo kwenye maungio kati ya kabureta na injini. Sauti ikibadilika, umepata. Wapo wanaonyunyiza petroli au dawa ya kusafishia breki. Matokeo yanaonekana wazi zaidi, lakini ni mchezo wa kuunguza pikipiki na nyusi zako.

Kwenye CG 125 na jamii yake, kabureta haishikwi na mpira bali imefungwa kwa boliti mbili, na katikati kuna kipande cheusi kigumu cha kuzuia joto chenye oringi (pete ya mpira ya kuzibia). Hapo kuna kosa la kawaida sana. Mtu anaona inavuta hewa, anakaza boliti. Bado inavuta, anakaza zaidi. Masikio mawili ya kabureta yanapinda kuelekea injini, katikati panabaki uwazi, na sasa hata oringi mpya haizibi. Ukiitoa, weka rula pale usoni pa kabureta uitazame kwenye mwanga: ukiona mwanga chini ya rula katikati, imepinda. Dawa yake ni kipande cha kioo, msasa laini juu yake, na subira. Sugua kwa mwendo wa nane hadi uso wote ung'ae sawasawa, osha vizuri, weka oringi mpya, kaza kwa kiasi.

Kuhusu Dodoma yenyewe

Watu hupenda kulaumu mwinuko. Dodoma mjini iko takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa kama asilimia 10. Kabureta haijui hilo. Inapima ujazo wa hewa, si uzito wake. Kwa hiyo pikipiki iliyorekebishwa Dar ikipanda huku inakuwa na mafuta mengi kidogo. Ila si kwa asilimia 10 yote. Hewa nyepesi inavuta petroli kwa nguvu pungufu pia, na kinachobaki ni karibu nusu ya tofauti hiyo. Hilo ni suala la kuzungusha skrubu ya mchanganyiko kidogo tu. Ukienda Singida au Kondoa, juu zaidi, ni kidogo tena. Pikipiki inayozima kila kwenye taa haizimi kwa sababu ya mwinuko.

Vumbi ndilo adui wa kweli. Kuanzia Mei hadi Oktoba mvua karibu hakuna, na upepo wa huku hauhitaji kuelezwa kwa mtu aliyewahi kuanika nguo Nkuhungu. Ea klina ya sponji inatakiwa kuoshwa kwa maji ya sabuni, kukaushwa kivulini, kisha kulainishwa kwa oili na kukamuliwa. Ile oili ndiyo inayokamata vumbi. Sponji kavu ni chujio la mapambo. Na wale wanaoitoa kabisa ili "pikipiki ipumue" wanaisagia injini mchanga: unakula slaidi, unakula koo la kabureta, mwisho unakula ringi za pistoni.

La tatu ni petroli. Pikipiki nyingi za zamani zilizobaki mikoa ya kati, zile Yamaha AG 100, Honda XL na CG, zilikuwa za mabwana shamba, za misheni, za zahanati. Nyingine hutumika kwa msimu, kisha zinakaa. Petroli iliyoachwa kwenye bakuli la kabureta inaruka polepole, na kinachobaki ni utando wa kahawia unaonata, wenye harufu kama rangi ya zamani. Petroli ya chupa iliyoshinda juani pembeni mwa barabara imeshaanza safari hiyo kabla hujainunua. Uchakachuaji kwa mafuta ya taa, uliokuwa balaa kabla ya serikali kuanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 na kupandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011, ulikuwa na dalili zake: moshi, plagi nyeusi, kiki ngumu. Siku hizi mimi huanza kutafuta kutu ya ndani ya tangi. Washa tochi ya simu, ipitishe juu ya mdomo wa tangi bila kuiingiza, utazame. Tangi likiwa jekundu ndani, utasafisha kabureta mpaka uchoke.

Kuifungua sasa

Umepita yote hayo na bado inazima. Haya, funga koki ya mafuta chini ya tangi, toa kabureta, tandika kitambaa cheupe chini. Kitambaa kiwe cheupe kweli, utaona kwa nini.

Bisibisi la nyota la kawaida halikai sawasawa kwenye skrubu za Kijapani. Lina ncha iliyochongoka zaidi na linakula kichwa. Kama huna la Kijapani, saga ncha ya lako kidogo, gonga kichwa cha skrubu kwa nyundo ndogo, ndipo uzungushe huku ukikandamiza. Skrubu nyingi za bakuli za pikipiki za zamani zimeliwa hivyo, na mtu wa mwisho huishia kutumia plaizi.

Kabla ya kuitoa skrubu ya mchanganyiko, ikaze taratibu mpaka iguse huku ukihesabu mizunguko. Andika. Usikandamize, ncha yake ni kali na inaharibu tundu. Ndipo uifungue yote. Nyuma yake inafuata springi ndogo, kisha washa nyembamba kama ganda la kitunguu, kisha oringi ambayo mara nyingi haitoki. Imebaki imenata ndani ya shimo. Ukipuliza kompresa bila kuitoa, inaruka, na hapo ndipo utakapokishukuru kitambaa cheupe. Itoe kwa ncha ya kijiti cha meno. Mafundi wengi hurudisha skrubu bila oringi hiyo kwa sababu hawakujua ilikuwepo, na hewa inaingia papo hapo, mahali ambapo hakuna atakayetafuta.

Jeti ndogo iko ndani, chini ya bakuli, mara nyingi kwenye shimo refu pembeni ya jeti kubwa. Inyanyue kwenye mwanga. Unatakiwa uone kitundu cha mviringo, safi, cha kutoboa hadi upande wa pili. Ukiona mwanga wa pembe au nusu mwezi, kimeziba. Loweka kwenye dawa ya kabureta usiku kucha kama ni lazima, kwa sababu petroli peke yake haiyeyushi ule utando wa kahawia. Usichokoe kwa pini wala waya wa breki. Jeti ni shaba laini. Ukiikwangua imekuwa namba nyingine na hakuna wa kukwambia ni namba gani. Uzi mmoja wa shaba uliotolewa kwenye waya wa umeme, au unywele wa brashi ya nailoni, unatosha.

Kisha njia zenyewe, siyo jeti tu. Hapa ndipo usafishaji wa haraka unaposhindwa. Ingiza mrija wa dawa kwenye shimo la jeti ndogo, puliza, angalia inatokea wapi: itoke kwenye shimo la skrubu ya mchanganyiko na kwenye vitundu vidogo ndani ya koo, karibu na ukingo wa slaidi. Kisipotoa kimoja, rudia. Vaa miwani, dawa hiyo hurudi kwa njia usiyoitarajia, na jicho ndilo huipata kwanza.

Boya nalo lipimwe. Petroli ikikaa juu sana kwenye bakuli, mchanganyiko ni mzito na kabureta inatiririka. Ikikaa chini, injini ina njaa. Kitabu kinatoa kipimo cha milimita, lakini kuna njia ya kuona kwa macho: chomeka mrija wa dripu wa duka la dawa kwenye tundu la kumwagia la bakuli, uupandishe pembeni ya kabureta, fungua koki na ulegeze skrubu ya kumwagia. Kiwango kwenye mrija ndicho kiwango cha ndani. Kwa kabureta nyingi kinatulia chini kidogo ya ungio la bakuli. Kikizidi kupanda bila kusimama, ile sindano ya boya haifungi. Tazama ncha yake kama imechimbika mstari.

Kurekebisha

Endesha kwanza kama dakika kumi. Kurekebisha injini baridi ni kurekebisha injini nyingine.

Anza na skrubu ya mchanganyiko ikiwa imefunguliwa mzunguko mmoja na nusu kutoka ilipogusa. Weka silensa juu kidogo ya kawaida. Zungusha ile ya mchanganyiko taratibu, robo kwa robo, ukisubiri injini ijibu kila mara, mpaka upate mahali inapokaa juu na laini kuliko pote. Sasa shusha silensa kwa skrubu yake. Rudia mchanganyiko. Rudia silensa. Mara ya pili au ya tatu mabadiliko yanakuwa madogo mno kusikika.

Halafu mtihani: piga resi fupi, achia. Ikirudi moja kwa moja mahali pake na kutulia, umemaliza. Ikining'inia juu ndipo ishuke, mafuta ni machache. Ikizama chini ya silensa, karibu kufa, ndipo ipande, mafuta ni mengi.

Skrubu yenyewe inatoa ushahidi mwingine. Kwa ile ya upande wa injini, ikibidi uifungue zaidi ya mizunguko mitatu ndipo injini itulie, jeti ndogo bado ni chafu au ni ndogo mno; ikitulia karibu imefungwa kabisa, jeti ni kubwa mno au imekwanguliwa. Kwa ile ya hewa, soma kinyume.

Za mipigo miwili, zile za kuchanganya oili, zina ugonjwa wao ambao hakuna kabureta itakayoutibu. Zinavuta hewa kupitia kwenye injini yenyewe, kwa hiyo sili (mipira ya kuzibia) za kreni, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, zikichoka hewa inaingia chini. Sili ya upande wa magneto ikifa, silensa inapanda yenyewe na plagi inakuwa nyeupe. Sili ya upande wa klachi ikifa, injini inavuta oili ya giya, moshi mweupe haukatiki na oili inapungua bila kudondoka popote. Ukiona hivyo acha skrubu, tafuta sili.

Ikishachakaa

Ipo kabureta ambayo haisafishiki tena. Itikise slaidi ndani ya koo lake: ikicheza kama jino la mtoto, hewa inapita pembeni yake bila kupimwa, na silensa haitatulia leo wala kesho. Vumbi limefanya kazi yake.

Kwa CG bahati iko upande wako. Honda iliitoa mwaka 1976 ikiwa na injini rahisi ya fimbo za kusukuma vali, iliyokusudiwa nchi ambazo oili haibadilishwi kwa wakati, na baadaye viwanda vya China vikainakili kwa wingi. Nyingi ya bodaboda zinazopita Sabasaba hapa Dodoma zina injini za ukoo huo, kwa hiyo duka lolote la spea litakupa kabureta inayofanana. Angalia mambo mawili kabla ya kulipa. Kwanza, muulize muuzaji ni ya 125 au ya 150. Zinafungika sawa lakini jeti si zilezile, na ya 150 itakupa plagi nyeusi. Pili, iwe mpya au la, ifungue na kuipuliza nyumbani; nyingine hutoka kiwandani na vipande vya alumini ndani ya njia ndogo, na utajikuta na kabureta mpya yenye ugonjwa wa zamani.

Ile iliyotoka usiitupe. Jeti za Kijapani zimetobolewa kwa usahihi kuliko nyingi za dukani, na nyuzi zake zikilingana na za kabureta mpya, zisafishe uzihamishie humo.